Usifukie hayo matundu, yana wenyewe

Nikimwambia mtu kwamba naishi na nyuki hapa nyumbani, cha kwanza anauliza mizinga iko wapi, cha pili anauliza asali. Mzinga sina na asali hakuna. Nyuki ninaowasema mimi hawana malkia, hawana vibarua, hawana ghala la kulinda, kila jike anatafuta tundu lake au anachimba, anajenga peke yake, anahangaikia chakula cha watoto peke yake, anataga, anaziba mlango, basi. Hao ndo nyuki wapweke, na ndo wengi kuliko wote. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki zilizokwishapewa majina kitaalamu na nyingi mno kati ya hizo zinaishi hivyo, kila mmoja kivyake, wakati nyuki wa asali tuliowazoea hawafiki hata aina ishirini. Kwa hiyo ukiwa na kabustani, hata ka vyungu kadhaa na ukuta wenye nyufa, uwezekano mkubwa unao tayari ila hujawaona, au umewaona ukadhani ni inzi ama nyigu.

Naandika hii kwa sababu kila msimu naona watu wanafanya kitu kilekile. Wanaona matundu ardhini au kwenye mbao, wanachungulia, hakuna kinachotembea, wanasema aah pako patupu hapa, halafu wanafukia kwa udongo, saruji, maji ya moto, chochote kilicho karibu. Na hapo wameua kizazi kizima bila kujua. Tundu la nyuki mpweke likinyamaza ndo limejaa, nitaeleza huko mbele kwa nini.

Tuanze na hofu maana bila kuitoa hiyo hakuna atakayenisikiliza. Nyuki wa asali anakuchoma kwa sababu nyuma yake kuna mji, maelfu ya ndugu, watoto, chakula cha miezi, na yeye kibarua akifa mji unaendelea. Nyuki mpweke akifa kila kitu chake kimeishia hapo, hakuna wa kumalizia, kwa hiyo akiona hatari yeye anakimbia. Dume hana mwiba kabisa, kwa sababu mwiba wa nyuki asili yake ni kifaa cha kutagia kilichogeuka silaha, ni wa majike tu. Jike anao, na ukimbana kiganjani, ukimkanyaga peku au akinaswa ndani ya nguo atakuchoma, ila kwa wengi wao maumivu ni madogo kuliko ya nyuki wa asali na mwiba hauachwi umenasa kwenye ngozi. Mwenye aleji ya nyuki abaki na tahadhari zake zilezile. Mimi napalilia nimepiga magoti katikati ya matundu yao, wanazunguka hewani wakitafuta mlango maana nimewazibia, nasogea kidogo, wanaingia, kila mtu anaendelea na kazi yake.

Ila kuna kitu lazima ukijue kabla hujajiamini. Angalia mlango. Ukiona nyuki wengi wanaingia na kutoka mfululizo kwenye tundu MOJA, iwe ukutani, darini au kwenye mti, huo kwa kawaida ni mji wa nyuki wa asali, kaa mbali, ondoa watoto na wanyama, ita mfugaji wa nyuki mwenye vifaa. Ukiona matundu mengi na kila tundu lina nyuki wake mmoja anayeingia na kutoka, hao ni wapweke waliojenga karibu karibu kwa sababu udongo wa pale umewafaa. Wanaweza kuwa mamia kwenye kipande kimoja cha ardhi na bado hakuna hata mmoja anayemlinda mwenzake. Nakazia hili kwa sababu kwa mbali vitu viwili hivi vinafanana, vumbi la nyuki tu hewani, na watu wanapiga dawa kwa wasiostahili au wanasogelea wasiopaswa kusogelewa.

Mzee mmoja jirani yangu aliwaona wakicheza juu ya ardhi asubuhi ya jua kali, akaniita kwenye uzio, "mwanangu, hao watakuja kukutoa humo ndani siku moja." Nikamwambia mzee wangu, hao unaowaona wengi ni madume, wanawasubiri majike watoke ardhini, hawana hata cha kukuchomea, njoo uone. Alikuja akasimama pembeni mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mwingine: "sasa hao majike wanatoka, waliingia lini?" Swali zuri sana na ndo kiini cha mambo yote haya. Waliingia mwaka uliopita, au tuseme waliingizwa, wakiwa mayai.

Ngoja nikupeleke ndani ya tundu moja uone. Nichukue yule mkata majani kwa sababu ndo rahisi kumfuatilia. Ukiona majani ya waridi au bugenvilia yamekatwa vipande vya mviringo, ukingo laini kabisa utadhani kuna mtu kapita na mkasi, huyo ndo yeye. Kiwavi anatafuna ovyo, anaacha ukingo umechanika chanika, huyu hatafuni kabisa, anakata na kuondoka nacho. Kaa karibu na ua lako la waridi jua likiwa limepanda umsubiri. Anatua kwenye ukingo wa jani, miguu imeukumbatia ukingo huku na huku, anaanza kukata kwa mataya yake akijizungusha mwenyewe, na kile kipande anachokikata ndo hichohicho alichokishikilia, kwa hiyo kikikatika naye anaanguka nacho. Ndo maana sekunde ya mwisho kabla hakijaachia utasikia mabawa yameshaanza kuvuma. Jani linaachia, yeye yuko hewani tayari, kipande kimekunjwa chini ya tumbo, kaondoka. Kazi yote hiyo ni ya sekunde chache, na kama hukuwa umekaza macho utaona jani linatikisika tu.

Anakipeleka kwenye tundu lake, linaweza kuwa bua lenye uwazi, tundu la zamani la mdudu kwenye gogo, ufa wa ukuta, hata shimo la skrubu kwenye fremu ya dirisha. Huko ndani anavipanga vile vipande vikapishana mpaka kinatokea kikombe kirefu cha majani, ukikitoa nje kinafanana na sigara ya kusokota. Kikombe kimoja kinaweza kula vipande 15 hivi. Halafu anaanza safari za chakula, anabeba chavua chini ya tumbo kwenye manyoya marefu (wengine wanabeba miguuni, ila hawa wa familia yake wanabeba tumboni, ukimwona nyuki tumbo lake limepakaa njano au chungwa kwa chini usihangaike kuuliza ni nani), anachanganya na nekta, anarudi tena na tena mpaka donge linatosha kulisha mtoto mmoja tangu anaanguliwa mpaka anakomaa. Juu ya donge anataga yai moja. Moja tu. Anafunika kwa vipande vya duara kamili, anaanza kikombe kingine mbele ya kile, vinafuatana hivyo mpaka tundu linajaa, mwisho anaziba mlango kwa tabaka nyingi za majani. Halafu anaenda kutafuta tundu lingine kama bado ana nguvu.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi bado linanishangaza kila nikilifikiria. Nyuki jike anachagua jinsia ya mtoto. Mbegu za dume amezihifadhi mwilini, yai akilirutubisha linakuwa jike, asiporutubisha linakuwa dume. Na kwa kawaida kwenye tundu refu anawapanga majike nyuma kabisa na madume mbele karibu na mlango, kwa sababu madume ndo wanaotoka kwanza, wangekuwa nyuma wangewakuta dada zao wamewazibia njia. Kwa hiyo yule mama anapanga foleni ya kutoka miezi mingi kabla, akijua (sijui niseme akijua au vipi, ila ndo inavyokuwa) kwamba yeye hatakuwepo. Wengi wao wakishakuwa wakubwa wanaishi wiki chache tu. Na katika wiki hizo mayai yake yote kwa kawaida hayazidi makumi machache, wengine hawafiki hata kumi. Malkia wa nyuki wa asali anaweza kutaga zaidi ya elfu moja kwa siku wakati wa msimu. Sasa piga hesabu mwenyewe tundu moja lililofukiwa kwa huyu mpweke lina uzito gani.

Kwa hiyo mama ameshaziba, amekufa, tundu limenyamaza. Ndani yai linaanguliwa, buu anakula donge lake pole pole, akimaliza anajisokotea kifuko cha hariri (hawa wakata majani wanasokota, kuna wengine hawasokoti), analala humo. Analala kweli. Baridi au ukame wote uko nje yeye yuko ndani, na kwenye nchi kame kuna aina ambazo msimu ukiwa mbaya zinaupitisha mzima bila kutoka, zinasubiri mwingine, zimeshajulikana kukaa hata miaka kadhaa. Baridi ikiisha au mvua ikirudi na maua yakichanua, ndo wanatafuna njia ya kutoka. Sehemu kubwa ya maisha ya nyuki huyu ni humo ndani gizani, siku tunazomwona akiruka ni kipande kidogo tu cha mwisho. Sisi tunamhesabu yuko pale anaporuka tu, na bustani tunaisafisha sana sana wakati ambao haruki: tunakata mabua makavu, tunachoma takataka, tunalima, tunapiga plasta nyufa. Yaani tunasafisha hasa ule wakati wote wako ndani.

Ndo maana mimi mabua nayaacha. Alizeti ikishakauka, nakata kichwa naacha bua limesimama msimu unaofuata mzima, na matawi yenye moyo laini au uwazi ndani nikiyapunguza naacha kisiki kirefu kidogo badala ya kukata mpaka chini. Bustani inaonekana haijapendeza kwa macho ya mgeni, najua, lakini mimi nikiangalia naona vyumba. Na yale niliyolazimika kuyakata siyachomi, nayaegemeza mahali pakavu mpaka msimu wa kutoka uishe.

Haya, hao ni wa matundu ya juu, lakini asilimia kama 70 hivi ya aina za nyuki wanaojijengea viota wanachimba ardhini, na hawa ndo wanaoteseka zaidi kwa sababu hakuna anayewajua. Utaona kitundu chenye upana wa penseli au chembamba zaidi, pembeni kimezungukwa na kifusi kidogo cha udongo mlaini, watu wanasema ni siafu au nyungunyungu. Subiri. Jua likiwaka vizuri, kichwa kinatokea mlangoni, kinakaa hapo kinachungulia, ukisogeza mkono kinarudi ndani, ukitulia kinatokea tena halafu puu, ameruka. Huko chini amechimba njia inayoweza kwenda sentimita kumi au zaidi ya nusu mita, inategemea aina na udongo, na pembeni ya njia kuna vijumba, kila kijumba amekipaka kwa ndani kitu kinachotoka mwilini mwake ili unyevu usimharibie chakula. Kuna jamii moja hicho wanachopaka kinakauka kikawa utando mwembamba unaong'aa, ukiushika utadhani nailoni, maji hayapiti.

Wanachotaka hawa ni udongo ulio wazi, unaopata jua, usiotuamisha maji, na usiochimbwa chimbwa. Sasa angalia bustani za siku hizi, kama sio zege ni nyasi zilizobanana, kama sio nyasi ni matandazo mazito kila mahali, na mimi sipingi matandazo, yanatunza maji na udongo vizuri sana, ila sio lazima kila inchi ifunikwe. Mimi nina kipande upande wa jua ambacho hakina chochote juu yake, sikipalili kwa jembe, magugu nang'oa kwa mkono, simwagilii, natembea pembeni. Wageni wananiambia pale pamekaa vibaya si upande maua. Pale pana kazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya bustani.

Waliohamia pale ni wale wenye mistari ya bluu inayong'aa tumboni, wanaruka kwa kasi, wanasimama hewani ghafla wanaondoka ghafla, kitaalamu wanaitwa Amegilla na wapo Afrika, Asia mpaka Australia. Hawa ukipanda nyanya utawapenda. Ua la nyanya chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye kitundu mwishoni, haimwagiki hivi hivi, upepo unasaidia kiasi lakini dawa yake hasa ni mtetemo. Huyu anakuja, analing'ang'ania ua, anatetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe, utasikia mlio unabadilika ghafla unakuwa mkali zaidi, zzzzii fupi, chavua inamwagika tumboni kwake. Nyuki wa asali hawezi huo mtindo, wala biringanya na jamii zake hawezi kuzihudumia hivyo. Siku hizi nikiwa ndani dirisha wazi nikisikia ule mlio najua ni nani yuko kwenye nyanya.

Madume wao jioni hawana pa kulala maana shimo ni la jike. Kwa hiyo wanakusanyika kwenye kibua kikavu au kijani chembamba, kila mmoja anauma bua kwa mataya, anakunja miguu, analala hivyo ameshikilia kwa meno tu, wanapangana mstari mmoja juu ya mwenzake. Wanarudi palepale kila jioni, kibua kilekile. Nilivyogundua hilo niliacha kabisa kusafisha ile kona.

Halafu wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hawa ndo kesi ngumu, naomba niwe mkweli, kwa sababu huyu anaishi ndani ya mali yako. Jike anatafuna tundu la duara kamili, upana wa kama sentimita moja, chini yake utaona unga wa mbao umemwagika. Haji kula mbao, anachimba tu na unga anautupa, kiasi kingine anakitumia kujengea kuta za vyumba ndani. Anaingia moja kwa moja kidogo halafu anakata kona anafuata mshipa wa mbao. Mayai yake ni machache ila ni makubwa ajabu, kuna aina ambazo yai linazidi sentimita moja na nusu, ni kati ya mayai makubwa kabisa ya wadudu wote. Na tofauti na wenzake, huyu anaweza kuishi muda mrefu mpaka kuwaona watoto wake wakitoka, wakakaa naye kwa muda kwenye nyumba hiyohiyo, kwa hiyo upweke wake sio wa kukaza sana. Dume lake ndo linalotisha watu, linakuja linasimama hewani mbele ya uso wako linakukagua, ukisogea linakufuata. Linalinda eneo lake dhidi ya madume wengine, mwiba halina, limesimama hapo basi.

Msimamo wangu kwa hawa ni huu. Nguzo inayobeba paa siwaachii, nimezipaka rangi zote vizuri maana wanapenda mbao tupu iliyokauka, mbao yenye rangi nzito wanaikwepa. Badala yake nimewawekea gogo nene kavu, laini, limekaa sehemu yenye kivuli kidogo isiyonyeshewa sana, na wamelipokea. Kama tayari wako kwenye mbao ya nyumba, tundu moja moja halitaangusha nyumba, ila wanarudi kwenye nyumba za zamani na kuongeza vyumba miaka na miaka, kwa hiyo shughulikia, lakini subiri watoke kwanza. Usimzibe mtu ndani. Na kama una mapasheni yanapanda uzio, fikiria mara mbili kabla hujamfukuza, ua la pasheni ni kubwa, nyuki mdogo anapita chini anachukua nekta bila hata kugusa panapotakiwa, huyu mkubwa mgongo wake unagusa kila kitu.

Ukianza kuwachunguza utakutana na wezi pia. Kuna nyuki mwingine mzuri sana, mweusi mwenye madoa ya bluu au meupe, anazunguka pale kwenye udongo lakini habebi chavua kabisa wala hana manyoya ya kubebea. Huyo anamvizia yule mwenye mistari ya bluu atoke, anaingia anataga kwenye kijumba chake, mtoto wake anakula chakula cha mwenye nyumba. Wakata majani nao wana wa kwao, ana tumbo lililochongoka nyuma. Kuna na inzi wenye manyoya mengi, anasimama hewani juu ya tundu na kurusha mayai yake kuelekea mlangoni bila hata kutua. Mwanzoni utataka kuwaua hao wote. Mimi nawaacha. Mwizi hawezi kuishi pasipo na mali, ukiona wezi wamekuja ujue wenyeji wameshakuwa wengi kiasi cha kuibiwa, na kwa miaka yote niliyowaangalia sijaona wezi wamemaliza wenyeji kwenye udongo.

Kwenye viboksi ni tofauti, na hapa nina ugomvi kidogo na vile viboksi vya nyuki vinavyouzwa vya mapambo, vimejazwa majani ya misonobari na vipande vya matofali na mabomba ya plastiki. Nyuki hawana haja na majani ya misonobari. Wanataka tundu refu, lililofungwa nyuma, laini ndani, upana wa milimita 3 mpaka 10 hivi, changanya saizi. Urefu uwe wa sentimita 15 ukiweza, tundu likiwa fupi mama anakosa nafasi ya nyuma ya majike, utapata madume wengi. Plastiki hapana, haipumui, unyevu unaganda ndani, chakula kinaota ukungu na mtoto anakufa. Mianzi, matete au kipande cha mbao ngumu kavu kilichotobolewa kwa drili kinatosha, toboa vizuri kingo zisiwe na vibanzi vya kuchana mabawa. Kifunge kisiyumbe, kielekee jua la asubuhi, kiwe na kapaa ka kuzuia mvua. Na usijenge kimoja kikubwa cha matundu mia mbili, weka vidogo vidogo mbali mbali, kwa sababu ukiwarundika mahali pamoja utitiri wa chavua (vidudu vidogo sana vinavyokula chavua) na wale wezi niliowataja wanahama mlango mpaka mlango. Wakishatoka wote badilisha mianzi, weka mipya. Mtu ambaye hana nafasi ya kusafisha kila mwaka ni bora asiweke kiboksi kabisa, aache mabua na udongo tu, faida itakuwa kubwa zaidi.

Dawa sihitaji kusema sana. Ukipuliza kwenye maua yaliyofunguka mchana umempiga yeye na watoto kwa pamoja maana sumu inaingia kwenye lile donge. Na dawa za kumwaga kwenye udongo zinamkuta anayechimba humo humo, kitu ambacho hata vipimo vingi vya usalama wa dawa kwa nyuki havikumwangalia yeye, viliangalia nyuki wa asali anayekaa juu kwenye mzinga. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi ili kuwalinda nyuki. Nyumbani hatuhitaji kungoja sheria, vidukari kwenye waridi unaviondoa kwa maji ya mpira na vidole.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni umbali. Nyuki wengi wadogo hawaendi mbali, mita mia kadhaa kutoka kwenye tundu, na kila safari anarudi palepale. Kwa hiyo kama tundu liko kwako na maua yako mbali, mama anamaliza siku zake chache njiani na watoto wanakuwa wachache au wadogo. Panda vitu vinavyopokezana, rehani ikiachwa itoe maua inapendwa mno, alizeti, kunde, mbaazi, maboga, magugu mengine ya maua madogo yaache pembezoni. Usitafute maua yaliyokorogwa petali nyingi nyingi, mengi hayo chavua hayana au haifikiki.

Msimu huu nataka kuwajaribishia wale wa bluu kitu kingine, boksi la mbao nililolijaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, limekaushwa, nikatoboa vishimo vifupi vya kuanzia kwa penseli, nitalisimamisha wima ukutani upande wa jua chini ya paa. Wanapenda kingo za udongo zilizosimama zisizopigwa mvua na kwangu ukingo wa hivyo hakuna. Lile eneo la wazi pale chini siligusi, hata kama wote watahamia juu, kwa sababu chini bado kuna waliotagwa msimu uliopita na wengine hawajatoka.